Kanda za video za zamani: kusoma dalili na kuziokoa zikiwa bado zinacheza

Kanda nyingi za video huvumilia miaka ishirini kabatini, kisha zikaharibika siku moja tu: siku ya kuingizwa kwenye deki chafu, au kuchezwa zikiwa na kuvu, au kurudishwa nyuma kwa kasi ilhali utepe umenata. Harusi, sauti ya bibi, hatua za kwanza za mtoto, vyote huwa bado vipo kwenye chembe za sumaku. Hatari kubwa iko katika kuvitoa. Kwa hiyo kanuni inayotangulia zote ni kwamba tatizo litambuliwe kabla ya kitufe cha kucheza kubonyezwa.

Kuna jambo lingine la kukumbuka. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Deki yoyote utakayopata leo imeshatumika, mpira wake umezeeka na grisi yake imekauka. Hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa za kanda ni za deki.

Kwanza jua mgonjwa ni kanda au deki

Tafuta kanda isiyo na thamani kwako lakini unayojua inacheza vizuri. Hiyo ndiyo kanda ya majaribio. Icheze dakika kumi, ipeleke mbele, irudishe nyuma, kisha itoe uitazame kingo zake. Ikitoka na mikunjo, mikwaruzo au chenga kwenye picha, tengeneza deki kwanza. Kanda ya familia isiingie humo. Kanda ya majaribio ikitoka salama, ndipo shida yoyote itakayojitokeza baadaye uitafute kwenye kanda yenyewe. Wengi hufanya kinyume: huanza na kanda wanayoipenda, na deki ikiitafuna ndipo wanapogundua kuwa deki ni mbovu.

Kisha ikague kanda kwa macho na pua. Tazama kupitia kidirisha: utepe uliokunjwa vizuri una uso laini na sawa. Fungua mlango wa mbele wa kaseti ya VHS kwa kubonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, utazame utepe bila kuugusa. Ukitaka kuzungusha magurudumu, ingiza ncha ya kalamu ya risasi kwenye tundu dogo la chini, katikati, ili breki ziachie, kisha zungusha kwa kidole taratibu. Gurudumu likikataa kuzunguka, au utepe ukitoka kwa kushikamana na tabaka la chini yake, usiendelee.

Kama kanda imetoka mahali pa baridi kuingia chumba chenye joto, iache ndani ya kasha lake saa 24. Unyevu ukiganda juu ya utepe na ngoma ya hedi (silinda inayozunguka yenye vichwa vinavyosoma picha), utepe hushikamana na ngoma na huweza kukatika papo hapo.

Dalili: unga mweupe au nyuzi nyeupe kwenye utepe

Hiyo ni kuvu, na ndiyo dalili inayostahili woga kuliko zote. Huonekana kama vumbi jeupe au utando kwenye kingo za utepe uliokunjwa, mara nyingi pamoja na harufu ya chumba kilichofungwa. Kuvu hustawi hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hadi 65 kwa muda mrefu.

Ukiicheza kanda hiyo, mambo matatu hutokea kwa mpigo: utepe ulioshikamana unaweza kuchanika, uchafu unaziba hedi, na mbegu za kuvu zinabaki ndani ya deki zikisubiri kanda inayofuata. Kwa hiyo itenge. Iweke kwenye mfuko uliofungwa, mbali na kanda zilizo salama.

Kabla ya kusafisha, kausha. Kuvu mbichi ikifutwa hupakaa utepe mzima. Iliyokauka hugeuka unga na kupanguswa kirahisi. Weka kanda kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya jeli ya silika, vibadilishwe vikishiba, kwa wiki mbili au tatu. Usitumie jua wala mashine ya kukaushia nywele.

Kazi ya kusafisha ifanyike nje au penye hewa ya kutosha, ukiwa na glavu na barakoa ya daraja la FFP2 au N95. Mbegu za kuvu zina madhara kwa mapafu, na mwenye pumu ampe mtu mwingine kazi hii. Ganda la VHS hufungwa kwa skrubu tano upande wa chini. Zifungue, geuza kaseti ilale, upande wake wa juu ukiwa juu, inua nusu ya juu taratibu, na piga picha ya njia ya utepe kabla hujagusa chochote, maana springi ndogo za breki na mlango huruka na kupotea. Pangusa kingo za utepe kwa brashi laini ukielekeza unga mbali nawe. Halafu hamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda safi la kaseti nyingine isiyohitajika. Ganda la zamani lifutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 au litupwe, baada ya kunakili maandishi ya lebo. Mwisho, pitisha utepe mzima kati ya mikunjo ya kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukizungusha magurudumu kwa mkono, kitambaa kikiwa kikavu. Badilisha sehemu ya kitambaa kila kinapochafuka.

Baada ya kucheza kanda iliyowahi kuota kuvu, safisha deki nzima kabla ya kuingiza nyingine, hata kama picha ilikuwa nzuri.

Dalili: utepe unalia au kupiga mluzi, kisha deki inasimama

Simamisha mara moja. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku kwenye plastiki, kwa kawaida poliyurethani, hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka na kuvunjika kikemia. Utepe huwa unanata, na ukipita kwenye nguzo za deki huacha gamu ya kahawia au nyeusi. Kila mzunguko unabandua picha zenyewe.

Fungua deki uangalie. Nguzo zikiwa na gamu, kosa ni la utepe. Zikiwa safi, huenda ngoma ni kavu au chafu. Isafishe kisha ujaribu tena kwa kanda ya majaribio. Kwa utepe unaonata, anza na njia ya upole: wiki kadhaa kwenye chombo chenye jeli ya silika, katika joto la kawaida la chumba. Kuna njia ya kuuoka utepe kwa joto la nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi kwa saa nyingi mfululizo, na imeokoa kanda nyingi za sauti na za video za studio. Lakini inataka oveni ya maabara isiyoyumba joto. Oveni ya jikoni hupanda na kushuka, na itapinda ganda na utepe pamoja. Hali ikifika hapo, peleka kwa mtaalamu.

Ukisikia ushauri wa kunusa harufu ya siki, jua unahusu filamu na kanda za zamani zilizotengenezwa kwa asetati. Kanda za video za nyumbani zina plastiki ya poliesta.

Dalili: chenga tupu kwenye picha, lakini sauti ipo

Hii ni habari njema. Sauti ya kawaida ya VHS husomwa na hedi iliyosimama, peke yake, kwenye ukingo wa juu wa utepe. Picha husomwa na hedi zilizo kwenye ngoma inayozunguka, mara 1,500 kwa dakika katika mfumo wa televisheni wa PAL. Sauti ikiwepo na picha ikikosekana, utepe unatembea vizuri, na hedi za ngoma zimeziba.

Chomoa deki kwenye umeme, ondoa kifuniko, na usiguse sehemu ya usambazaji umeme, kwani kapasita zake hubaki na chaji. Ngoma ni silinda inayong'aa iliyoinama kidogo, yenye kipenyo cha milimita 62. Kwenye mwanya uliopo kati ya sehemu yake ya juu na ya chini utaona vijipande vidogo mno vyeusi vinavyochungulia: hizo ndizo hedi. Ni ferati, huvunjika kwa kuguswa tu kwa kucha.

Lowesha kipande cha ngozi laini ya kusafishia au karatasi nyeupe safi ya printa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Kishikize kibapa ubavuni mwa ngoma, mkono usitikisike. Kwa mkono mwingine zungusha ngoma kutoka juu, taratibu, mizunguko kadhaa. Anayesogea ni ngoma, kitambaa kinatulia. Usipandishe wala kushusha mkono hata kidogo, maana hedi inavunjika kwa mwendo wa juu na chini. Vijiti vya pamba vya masikio visikaribie ngoma: nyuzi zake hunasa kwenye ncha ya hedi na kuing'oa. Rudia kwa kipande kipya hadi kitoke bila doa, kisha acha dakika kumi na tano ikauke.

Vijiti vya pamba vina kazi yao kwingine: nguzo za kuongoza utepe, hedi ya sauti, na mhimili wa chuma unaovuta utepe. Rola ya mpira inayobana utepe kwenye mhimili huo isafishwe kwa maji yenye sabuni kidogo na kukaushwa, kwa sababu alkoholi ikitumika mara kwa mara hukausha mpira.

Dalili: mistari ya chenga inayopanda au kukaa sehemu moja ya picha

Jaribu trakingi kwanza. Kila kamera au deki huandika mistari yake mahali panapotofautiana kidogo na nyingine, na kitufe cha trakingi husogeza muda wa kusoma ili hedi zikae juu ya mstari. Zima trakingi ya otomatiki, sogeza kwa mkono hadi chenga zipungue kabisa, na ucheze dakika tano kuhakikisha. Kamera iliyorekodi kanda hiyo ikiwa bado hai, hiyo ndiyo mchezaji bora kuliko deki yoyote ya bei kubwa, hasa kwa kanda ndogo za kamera kama Video8, Hi8 na MiniDV.

Trakingi ikishindwa kuondoa chenga za juu au chini ya picha, na kanda zote zikifanya hivyo, nguzo za deki zimehama urefu. Huo ni urekebishaji wa fundi mwenye vifaa.

Ukanda mwembamba wa vurugu chini kabisa ya picha ni wa kawaida kwa VHS. Ni mahali ambapo deki inabadili kutoka hedi moja kwenda nyingine. Televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya fremu. Usiukate kwenye nakala kuu, yaani faili ya kidijitali ya kuhifadhi.

Kingo za utepe nazo huongea. Ukingo wa juu ukikunjamana, sauti ya kawaida hufifia au kukatika huku picha ikiwa nzima. Ukingo wa chini ndio wenye mstari wa udhibiti, unaoiambia deki mwendo. Ukiharibika, picha hupoteza trakingi na mwendo huyumba kila sekunde chache. Na kanda yenye sauti ya Hi-Fi ikiunguruma, badilisha kwenye menyu usikilize sauti ya kawaida, kwa kuwa Hi-Fi husomwa na ngoma na huumia pamoja na picha.

Dalili: sehemu ya juu ya picha inapinda, au mistari ya wima inatetemeka

Utepe uliovutika na deki iliyochoka hufanya kila mstari wa picha uwahi au uchelewe kidogo. Televisheni za zamani zilivumilia. Vifaa vya kidijitali havivumilii. Dawa ni kisahihisha muda, kinachojulikana kwa herufi TBC. Kipo cha aina mbili: cha mstari, kinachonyoosha mistari iliyopinda, na cha fremu nzima (picha moja kamili ya video), kinachotuliza mawimbi yote yanayoingia kwenye kompyuta. Baadhi ya deki za S-VHS, toleo bora la VHS, zina cha mstari ndani yake. Usipokuwa nayo, baadhi ya rekoda za DVD zikiwekwa katikati ya deki na kompyuta, bila kurekodi diski, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Dalili: sauti inaachana na picha kadiri video inavyosonga

Programu ya kunasa, yaani ya kuingiza video kwenye kompyuta, inapoteza fremu. Karibu zote huonyesha idadi ya fremu zilizodondoka. Lengo ni sifuri. Chomeka kifaa cha kunasia moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyo cha USB, hifadhi kwenye diski ya ndani yenye nafasi, funga programu nyingine na uzime usingizi wa kompyuta. Fremu zikiendelea kudondoka mahali palepale pa kanda, tatizo ni mawimbi, na TBC ya fremu ndiyo jibu. Kusogeza sauti kwa mkono baadaye hakusaidii, kwa sababu pengo linazidi kukua.

Zima pia skrini ya bluu kwenye menyu ya deki. Deki nyingi hufunika picha dhaifu kwa bluu, nawe utanasa bluu mahali ambapo palikuwa na sura ya mtu yenye chenga kidogo. Na kifaa cha kunasia kikidai kuwa kanda ya nyumbani imezuiwa kunakiliwa, kimechanganywa na mawimbi mabovu. Kanda za nyumbani hazina kizuizi hicho.

Dalili: picha ni nyeusi na nyeupe

Angalia mfumo. PAL ina mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde. NTSC ya Marekani na Japani ina mistari 525 na fremu 29.97. Deki, kifaa cha kunasia na programu lazima vikubaliane. Kama mfumo ni sahihi, kagua waya: mawimbi ya S-Video, yanayotenganisha rangi na mwanga, yakipelekwa kwenye tundu la kompositi (la njano) kwa adapta rahisi hupoteza rangi.

Dalili: deki inameza kanda, inacheza sekunde chache, inazima

Gurudumu la kupokea utepe halizunguki. Mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea au kigurudumu cha kati kilichoteleza. Deki yenye kinga inayofanya kazi huzima ili utepe usirundikane. Isiyozima ndiyo huutafuna. Utepe ukishanaswa ndani, usivute kaseti. Chomoa umeme, fungua kifuniko, zungusha mota ya kupakia kwa mkono hadi nguzo zirudi, kisha rudisha utepe ndani ya kaseti kwa kuzungusha gurudumu.

Dalili: utepe umekatika

Utepe ukichomoka kwenye kitovu cha gurudumu, hakuna picha iliyopotea: toa kibanio cha kitovu, ingiza ncha, kirudishe. Ukikatika katikati, kata ncha zote mbili kwa wembe mpya zikutane sawasawa bila kupishana, na uunge kwa utepe maalumu wa kuungia. Uso unaokutazama ukifungua mlango wa kaseti ndio wenye sumaku. Kiungo kibandikwe upande wa nyuma yake, na ziada ikatwe kwenye kingo. Selotepu ya kawaida huvuja gundi na kuua hedi. Hata kiungo kizuri ni hatari kwa ngoma, kwa hiyo njia salama ni kuhamishia nusu ya pili kwenye ganda jingine na kunasa vipande viwili, bila kiungo kupita kwenye hedi.

Dalili: MiniDV inaonyesha miraba na sauti inakwaruza

Data haisomeki. Safisha hedi kwa kaseti kavu ya kusafishia, sekunde tano hadi kumi, si zaidi, kwa sababu inakwangua. Ikiendelea, jaribu kamera iliyorekodi. Hamisha kwa waya wa FireWire, kwani humo data hunakiliwa kama ilivyo, takriban GB 13 kwa saa. Waya wa njano wa video unaigeuza kuwa analogi na kupoteza ubora bure.

Faili imetoka: picha ina meno, watu wamenenepa

Kingo zenye meno ya kitana penye mwendo ni mistari inayopishana ya video ya asili, nusu-fremu 50 kwa sekunde katika PAL. Nakala kuu iachwe hivyo. Nakala ya kutazama igeuzwe kuwa fremu 50 kamili. Unene unatokana na picha ya 4:3 kunyooshwa hadi 16:9. Weka uwiano sahihi kwenye faili.

Kwa nakala kuu ya VHS, nasa 720×576 kwa PAL au 720×480 kwa NTSC, sauti ya kHz 48 isiyobanwa, na uhifadhi kwa mfumo wa kubana wa FFV1 ndani ya faili ya aina ya Matroska (.mkv). FFV1 hubana bila kupoteza chochote na ina hesabu za kukagua makosa ndani yake. Tarajia GB 30 hadi 50 kwa saa. Nakala ya kutazama, H.264 ya GB 3 au 4 kwa saa, ndiyo ya kuwagawia ndugu. Kosa linaloumiza ni kubaki na hiyo ndogo peke yake.

Dalili: faili iliyofunguka mwaka jana haifunguki leo

Diski huharibika kimyakimya. Siku ya kunasa, tengeneza hashi ya SHA-256 ya kila faili (msimbo unaobadilika faili ikibadilika hata kidogo) na uihifadhi kando. Kila mwaka washa diski na ulinganishe. Hashi ikibadilika, rudisha faili kutoka nakala nyingine. Kwa hiyo ziwepo nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa jengo jingine. Flashi isitegemewe kwa kukaa miaka bila umeme, na DVD ya kuchoma ina rangi inayofifia.

Kanda yenyewe isitupwe. Ng'oa kijiti cha ulinzi ili isirekodiwe juu, icheze hadi mwisho kwa mwendo wa kawaida ili utepe ukunjike sawasawa, na uiache upande huo bila kurudisha. Isimamishwe wima ndani ya kasha, nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, unyevu asilimia 30 hadi 40, mbali na spika na mota. Andika kwenye kasha jina la faili lililotokana nayo, tarehe ya kunasa na sehemu zilizosumbua, ili siku akipatikana mtu mwenye deki bora ajue dakika ya kuanzia.